Kiungulia na kipimo cha mikroRNA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni ya watu wa Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa waliosikia kwamba ugonjwa wa kucheua asidi sasa unapimwa kwa tone la damu au mate. Mimi ni mtu wa maabara, na maswali nimeyaacha yalivyo, jinsi yanavyoulizwa dirishani na kwenye makundi ya simu. La kwanza kabisa nalisema mapema: mikroRNA, yaani vipande vidogo vya vinasaba vinavyotafutwa kwenye tone hilo, ni sayansi ya kweli na inasonga mbele, lakini kipimo chake cha kutambua ugonjwa huu hakijafika kwenye huduma za hospitali. Ukitakiwa kukilipia leo, pesa yako ibaki mfukoni.

Je, nikija Mbeya mjini naweza kupimwa mikroRNA nikajua kama nina ugonjwa wa kucheua asidi?

Hapana. Hata ukienda Dar es Salaam au ukavuka bahari, jibu ni hilo hilo. Mwaka 2018 mabingwa wa magonjwa haya kutoka nchi mbalimbali walitoa makubaliano yanayojulikana kwa jina la mji wa Lyon, Ufaransa, na mwaka 2023 wakayaboresha. Humo wameorodhesha ni ushahidi gani unatosha kusema mtu fulani ana ugonjwa huu: hali ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) inavyoonekana kwa kamera inayoingizwa kupitia mdomoni, na muda ambao asidi inakaa kwenye umio ndani ya saa 24 au zaidi. MikroRNA haimo.

Mimi niliambiwa nina vidonda vya tumbo. Si ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na hapa ndipo watu wetu wengi wanapotea. Kidonda cha tumbo ni jeraha kwenye ukuta wa tumbo lenyewe au mwanzo wa utumbo mwembamba. Visababishi vyake vikubwa ni viwili: bakteria aitwaye Helikobakta pailori, na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinazotumiwa kiholela. Ugonjwa wa kucheua asidi unatokana na misuli ya chini ya umio ambayo hulegea wakati usiofaa, asidi na chakula vikapanda juu. Dalili zake za kawaida ni moto kifuani nyuma ya mfupa, kiungulia kinachozidi ukiinama au ukilala, na maji machungu au ya uchachu yanayofika kooni.

Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Lakini wengi wanaobeba jina la "vidonda" miaka na miaka hawajawahi kuangaliwa na kamera. Wamepewa dawa za kuua bakteria mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kiungulia kiko pale pale, kwa sababu kumuua bakteria hakuzuii asidi kupanda. Kama hiyo ndiyo hadithi yako, rudi hospitali ukaieleze upya kuanzia mwanzo. Usianze kwa kusema "nina vidonda". Anza kwa kusema unachokisikia mwilini, saa ngapi, na baada ya kufanya nini.

Sasa mikroRNA ni nini hasa?

Ndani ya kila seli kuna DNA inayobeba maagizo yote ya mwili. Agizo likihitajika, hunakiliwa kwenye RNA, na RNA hiyo husomwa ili protini itengenezwe. MikroRNA ni vipande vifupi mno vya RNA, herufi kama 22 hivi, ambavyo havitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kukanyaga breki: hujishikiza kwenye RNA nyingine, na agizo lile likapunguzwa au likazimwa.

Kipande cha kwanza kilielezwa mwaka 1993 na Victor Ambros na wenzake, kwa mnyoo mdogo anayeishi kwenye udongo. Mwaka huo huo Gary Ruvkun alionyesha jinsi kinavyozima jeni nyingine. Kwa miaka kadhaa wengi walidhani ni mambo ya mnyoo tu. Mwaka 2000 kikapatikana kipande kingine ambacho wanyama wengi wanacho, binadamu akiwemo, na hapo dunia ikaamka. Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024. Leo zinajulikana zaidi ya 2,000 kwa binadamu.

Kitu kidogo hivyo kinahusianaje na kiungulia changu?

Umio umefunikwa ndani na tabaka za seli bapa, ngumu, zilizozoea kupitisha ugali na viazi, si kuogeshwa asidi. Asidi na nyongo vikipanda mara kwa mara, seli hizo hujibu. Zinavimba, zinazaliana haraka ili kuziba pengo, na kwa baadhi ya watu baada ya miaka mingi zinabadilika kabisa zikafanana na seli za utumbo. Mabadiliko hayo huitwa umio wa Barrett, na mwenye nayo ana hatari kubwa zaidi ya kupata aina fulani ya saratani.

Kila badiliko la seli huja na mpangilio wake wa mikroRNA. Zile ziitwazo miR-203 na miR-205 ni za seli bapa za kawaida. Umio ukigeuka Barrett, hushuka. Zile za miR-192, miR-194 na miR-215, ambazo makazi yake ni utumbo, hupanda. Hili limeonekana kwenye tafiti nyingi na ndilo eneo ambalo mimi naona lina matumaini zaidi.

Kwa kiungulia cha kawaida mambo hayako wazi kiasi hicho. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walieleza kwamba miR-143, miR-145 na miR-205 zilikuwa juu kwenye ngozi ya ndani ya umio ya watu wenye ugonjwa wa kucheua, wakilinganishwa na wasio nao. Habari njema, lakini soma swali linalofuata.

Kama tofauti imeonekana, kwa nini kipimo hakijatoka?

Sababu ni kadhaa na zimefungamana. Nitazieleza kwa kirefu, kwa sababu ndizo zitakazokusaidia kupima tangazo lolote la kipimo kipya.

Ya kwanza ni kwamba mikroRNA inasimulia jinsi tishu ilivyojibu, haisemi nani ameichokoza. Miongoni mwa watu wenye kiungulia wanaoangaliwa kwa kamera, wengi umio wao unaonekana mzima. Asidi inapanda na wanaumia, ila hakuna jeraha. Kipimo kinachosoma jeraha kitawaacha hao nje, na hao ndio hasa tunaoshindwa kuwatambua. Kumgundua mtu ambaye umio wake umechubuka vibaya si kazi, kamera inamwona.

Ya pili, mikroRNA nyingi zinazotajwa si za umio peke yake. miR-21 na miR-155 hubadilika kwenye uvimbe wa aina nyingi. Mtu wa Kyela mwenye malaria, mtu wa Chunya mwenye kifua kikuu, mtu mwenye Helikobakta tumboni: kila mmoja anaweza kubadilisha picha kwenye damu bila umio wake kuhusika. Kipimo kilichojaribiwa kwa watu wa Ulaya wenye kiungulia na watu wengine wazima kabisa hakijatueleza kitafanyaje kazi kwa wagonjwa wetu.

Ya tatu ni ya ufundi, na mimi binafsi naiona ni nzito kuliko inavyosemwa. Chukua miR-143 na miR-145. Seli za misuli na tishu zilizo chini ya ngozi hiyo ya umio zina hizi mbili kwa wingi kuliko zile seli bapa za juu. Daktari akichukua kinyama kidogo kwa kamera na mkono ukazama kina zaidi, kiwango kitapanda hata kama ugonjwa haujabadilika. Kwenye damu, chembe nyekundu zimejaa miR-451 na miR-16. Zikipasuka ndani ya tyubu kwa sababu sindano ilikuwa nyembamba au damu ilitikiswa njiani, zinamwaga shehena yake na kipimo kizima kinapotoka. Tyubu ya kifuniko cha kijani yenye heparini huzuia kazi ya PCR, njia ya maabara ya kuzalisha nakala nyingi za kinasaba ili kionekane, kwa hiyo hutumika ya zambarau. Maabara mbili zikitofautiana kwenye mambo haya, majibu yatatofautiana, na mgonjwa hatajua lolote.

Ya nne, tafiti nyingi zimetumia watu wachache, na kila moja imekuja na orodha yake ya mikroRNA. Orodha zikigongana namna hiyo, ni ishara kwamba kazi bado.

Nimesoma kipimo fulani kina usahihi wa asilimia 80. Hiyo haitoshi?

Tupige hesabu pamoja, kwa namba za mfano tu. Tuseme watu 1,000 wenye maumivu ya tumbo na kifua wamekuja kupimwa, na 200 kati yao kweli wana ugonjwa wa kucheua asidi. Kipimo kinawanasa wagonjwa 80 kati ya kila 100, hivyo kitawapata 160. Kwa wale 800 wasio nao, kinakosea kwa 20 kati ya kila 100, hivyo watu wengine 160 wataambiwa wanao. Mwisho wa siku wenye majibu ya "ndiyo" ni 320, na nusu yao hawana ugonjwa huo.

Na 40 wenye ugonjwa wameambiwa hawana. Kwa hiyo ukikutana na neno "usahihi", uliza: kwa watu gani, wakilinganishwa na nani, na ukweli wenyewe ulithibitishwa kwa njia ipi? Kama ulithibitishwa kwa kuwauliza tu dalili, kipimo kimelinganishwa na makisio.

Kipimo kikija, kitatumia damu, mate au kinyama?

Kinyama kutoka kwenye umio ndicho kilicho karibu na ugonjwa, ila kukipata kunahitaji kamera, na kamera ikishaingia faida ya kipimo kipya inapungua. Damu ni rahisi kuchukua lakini imechanganya habari za mwili mzima. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba mikroRNA hukaa imara kwenye damu kwa sababu zimefungwa ndani ya vifuko vidogo au zimeshikwa na protini, na tangu hapo kila ugonjwa umetafutiwa kipimo cha damu. Mate yana mvuto wake, maana asidi ikifika kooni huacha alama huko, lakini mate hubadilika kwa chakula, sigara, fizi zinazovuja damu na hata saa ya siku.

Kuna njia ya katikati ninayoipenda. Uingereza wametengeneza kidonge chenye kamba. Unakimeza, kinayeyuka tumboni na kuachia sifongo kidogo, kisha sifongo inavutwa kupitia kwenye umio ikikusanya seli. Kimejaribiwa kwa maelfu ya watu kutafuta umio wa Barrett, kwa kupima protini fulani kwenye seli hizo, na matokeo ya jaribio kubwa yalitoka mwaka 2020. Seli za namna hiyo zinaweza pia kupimwa mikroRNA. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kuifanya bila chumba cha kamera, na kwa mikoa yenye wilaya za mbali kama Ludewa au Makete hilo ni jambo kubwa.

Maabara zetu zitaweza?

Uwezo wa kimsingi upo. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu kwenye hospitali zetu zinafanya kazi kwa PCR, na Kituo cha Utafiti cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) Mbeya kimefanya tafiti za kifua kikuu na VVU kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayesema teknolojia hii haituhusu anakosea. Kazi ngumu iko njiani: damu itenganishwe mapema, ibaki kwenye baridi, umeme usikatike, dereva asiiache juani stendi. Kipimo kinachodai friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri hakitamfikia mtu wa kijijini.

Kuna watu wanapita na mashine ya kushika mkononi, wanasema inasoma mwili mzima hadi vinasaba. Je?

Hiyo haisomi mikroRNA wala kitu kingine chochote cha ndani ya seli. Ili usome mikroRNA lazima uwe na sampuli ya tishu, damu au majimaji ya mwili, uitoe RNA, uibadilishe kuwa DNA na uizalishe kwa PCR au uisome kwa mashine ya kupanga herufi. Hakuna njia ya kufanya hivyo kwa kushika chuma dakika moja. Inaniuma kuona mama ameuza debe la mahindi ili alipie karatasi ya rangi isiyo na maana, kisha akarundikiwa dawa za kusafisha tumbo.

Basi leo nikienda hospitali nitapimwaje?

Kwanza kwa maelezo yako. Kama dalili ni za kawaida na huna dalili za hatari, daktari anaweza kukuanzishia dawa ya kupunguza asidi kwa wiki nne hadi nane, aone. Kupata nafuu kunaelekeza, ila hakuthibitishi.

Nenda haraka, bila kusubiri dawa iishe, kama chakula kinakwama unapomeza, unapungua uzito bila sababu, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, au umepungukiwa damu. Hapo unahitaji kamera. Vituo vya afya vitakuandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda mlima au kubeba mzigo, yakiambatana na jasho na kupumua kwa shida, yachukuliwe kuwa ya moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kamera ikionyesha michubuko mikali, umio wa Barrett au umio uliosinyaa kwa makovu, jibu limepatikana. Isipoonyesha kitu, kipimo kinachofuata ni waya mwembamba unaopitishwa puani na kupima asidi kwa saa 24. Asidi ikikaa kwenye umio zaidi ya asilimia 6 ya muda huo, ni ugonjwa. Chini ya asilimia 4, si ugonjwa. Katikati panahitaji ushahidi mwingine. Vifaa hivi viko vituo vichache sana, na pengo hilo ndilo linalofanya kipimo rahisi kitamaniwe hivi.

Ninakunywa omeprazoli lakini haisaidii. Ni feki?

Inawezekana unaimeza wakati usiofaa. Inywe nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, kila siku, si siku unayoumwa tu. Wengi huimeza usiku wakati wa kulala wakiwa wameshashiba, na hapo nguvu yake inapungua. Kama umeitumia vizuri wiki nane na hakuna mabadiliko, mwambie daktari. Huenda tatizo si asidi. Na ukipangiwa kamera, uliza kama unatakiwa kuisimamisha kwanza, kwa sababu inaweza kuficha michubuko.

Kiungulia kitaniletea saratani ya koo la chakula?

Kwa walio wengi, hapana. Saratani inayotokana na kucheua asidi kwa miaka mingi ipo, lakini saratani ya umio inayowapata watu wengi zaidi ukanda wa Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia kushuka hadi kusini mwa bara, ni ya aina nyingine, inayoanzia kwenye seli bapa. Tumbaku na pombe ni miongoni mwa visababishi vyake. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Sisi wa Tukuyu, Mufindi na Njombe tunalima chai na tunainywa ikitoa mvuke, hasa mwezi wa sita na wa saba baridi ikiuma. Iache kikombeni dakika chache. Hili halihitaji kipimo chochote.

Niache nini: pilipili, ulanzi, kahawa?

Acha kile unachoona kinakuumiza wewe. Vyenye ushahidi mzuri zaidi ni kupunguza uzito kama umezidi, kutokula ndani ya saa tatu kabla ya kulala, kulalia ubavu wa kushoto, na kuinua kichwa cha kitanda kwa sentimita 15 hadi 20. Tofali chini ya miguu miwili ya kichwani linatosha, mito mingi hukunja tumbo. Sigara iache. Ulanzi na pombe nyingine hulegeza ile misuli ya umio, na pombe ya usiku kabla ya kulala ni mbaya zaidi. Magadi na soda ya kuokea hutuliza kwa muda, lakini yana sodiamu nyingi, mwenye shinikizo la damu asiyazoee. Ukipewa doksisaiklini, imeze na glasi nzima ya maji ukiwa umesimama au umekaa, usilale papo hapo, maana inaunguza umio ikikwama.

Nikiombwa kutoa sampuli kwa utafiti wa mikroRNA, nikubali?

Mimi ningependa ukubali, kwa sababu bila sampuli za watu wetu kipimo kitatengenezwa kwa ajili ya wengine. Ila kwanza uliza kibali cha maadili kimetolewa na kamati gani, NIMR au ya taasisi husika. Usome au usomewe fomu kwa Kiswahili, ujue sampuli itahifadhiwa wapi, kama itapelekwa nje ya nchi, na kwamba unaweza kujitoa bila kunyimwa matibabu. Utafiti halali haukutozi pesa ya kipimo.

Ni lini nitaamini kwamba kipimo kimefika kweli?

Mimi nitaamini nikiona mambo haya pamoja: mikroRNA zile zile zimethibitishwa na makundi tofauti ya watafiti, ukweli umepimwa kwa waya wa saa 24 na si kwa dalili tu, wamo watu wenye kiungulia ambao umio wao ni mzima kwa kamera, na wamo wenye Helikobakta, na sampuli zimetoka pia kwa Waafrika. Zaidi ya hayo, kipimo kionyeshe kwamba kimebadilisha uamuzi wa daktari: nani apelekwe kamera, nani apewe dawa, nani aachishwe dawa anazokunywa bure. Kwa umio wa Barrett naona tunakaribia. Kwa kiungulia cha kawaida, bado.